Kisu Hukata Tumbo, Hakikati Mazoea

Ndugu msomaji, leo nina kosa la kukiri, na nalikiri hadharani kwa kuwa naamini si langu peke yangu.

Siku ya Idi Ndogo, miaka 2 iliyopita, dada yangu mkubwa alikuja nyumbani kwangu pamoja na wanawe. Kama ilivyo ada yetu watu wa Mombasa, sinia lilikuwa tayari: biriani, kachumbari, achari, na pembeni halua, visheti na mkate wa mayai. Dada akajipakulia kipande cha nyama, kachumbari kidogo na wali vijiko 2, akala taratibu kama mtu anayehesabu. Mke wangu akamsogezea halua. Akashukuru, akakataa. Akasogezewa tena, akakataa tena. Hapo nikadakia mimi, kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Dada, leo Idi! Hukuja kwa nduguyo kufunga. Ama chakula chetu hakikupendezi?"

Watu wakacheka. Dada hakucheka. Akachukua kipande, akala. Kisha akachukua cha pili, na cha tatu. Haikupita nusu saa nikamkuta amejilaza chumbani, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa nililitenda jioni ile ile. Nilipokuwa nikimsindikiza, nilimtazama nikaona mwili umeanza kurudi, nikamwambia: "Pesa zote zile za Bara Hindi, dada, utaziacha zipotee kwa mdomo?"

Angalia, msomaji, jambo nililolifanya. Mchana nilimlisha kwa lazima, jioni nikamlaumu kwa kula. Na hivyo ndivyo tunavyowafanyia wengi katika mitaa yetu, nasi twadhani tunawapenda.

ALIKOTOKA

Dada yangu alipasuliwa tumbo miaka 8 iliyopita. Wakati ule alikuwa na kilo 126, kisukari kimemshika, magoti yamechoka, na kwa muda mrefu alikuwa hawezi kusali ila juu ya kiti. Alikuwa amejaribu kila lililosemwa: maji ya ndimu asubuhi, kuacha wali, dawa za miti shamba, na mwendo wa jioni kando ya bahari kule Mama Ngina. Kilo 10 zikitoka, 12 hurudi. Ndugu tukachanga, naye akasafiri Bara Hindi, kama wafanyavyo wagonjwa wengi wa pwani hii.

Upasuaji wa namna hii si jambo la jana. Mwaka 1966 daktari Edward Mason na mwenziwe Chikashi Ito, katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, walianza kulifunga tumbo la chakula sehemu kubwa na kuunganisha ile sehemu ndogo iliyobaki na utumbo mwembamba. Hivi leo kijifuko kinachoachwa kina ukubwa wa yai la kuku au pungufu. Iko pia njia nyingine ambayo imeenea mno katika karne hii: tumbo hukatwa kwa urefu, robo tatu na zaidi huondolewa kabisa, na kinachobaki kina umbo kama la ndizi. Dada yangu alifanyiwa ile ya kwanza.

Mwaka ule wa mwanzo ulikuwa kama muujiza. Kilo zilimtoka mpaka akafika 80. Kisukari kikatulia. Akasujudu chini, akalia. Nguo za zamani akawagawia watu. Sisi nduguze tukaona kazi imekwisha, tukasahau.

Lakini kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

HESABU WASIYOIJUA WENGI

Huko Sweden wataalamu walianza utafiti mkubwa mwaka 1987, wakawafuata kwa miaka mingi watu zaidi ya 2,000 waliopasuliwa, wakiwalinganisha na wengine wanene kama wao ambao hawakupasuliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba wale waliofanyiwa upasuaji kama wa dada yangu, baada ya mwaka 1 au 2 walikuwa wamepoteza asilimia 32 ya uzito wao. Baada ya miaka 10, upungufu huo ulikuwa asilimia 25.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Mtu aliyekuwa na kilo 120 hushuka mpaka kilo 82 hivi. Kisha, mwaka baada ya mwaka, hupanda mpaka 90. Jirani anayemwona akitoka 82 kwenda 90 husema: "Masikini, umemrudia!" Hakumbuki zile 120. Hajui kwamba mtu huyo angali na kilo 30 pungufu, na kwamba katika utafiti huo huo waliopasuliwa walikuwa wachache zaidi wanaokufa kuliko wenzao ambao hawakupasuliwa.

Dada yangu leo ana kilo 90. Tangu siku ile ya kuletwa hospitali zimepungua 36. Mimi niliziona 10 zilizorudi, zile 36 sikuziona. Ama kweli, jicho la lawama halioni mbali.

Na kwa nini hurudi? Si kwa uvivu tu, kama tunavyopenda kudhani. Mwili wa binadamu umeumbwa kujihifadhi. Ukipungua, hudhani njaa imeingia nchini: hupunguza matumizi yake kama mwenye nyumba aliyepungukiwa na mshahara, na huku ukiongeza kelele ya kudai chakula. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani walitangaza kugundua homoni iitwayo ghrelini, ambayo hutengenezwa zaidi tumboni na hupeleka habari ya njaa ubongoni. Upasuaji huzituliza habari hizo na kuzipa nguvu zile za shibe, ndiyo maana mtu mwaka wa kwanza husahau hata kula. Lakini kadiri miaka inavyokwenda, kelele hurudi kidogo kidogo. Kile kijifuko nacho huweza kulegea kikapokea zaidi.

NJAA SI UCHU

Lugha yetu, alhamdulillahi, si masikini. Ina njaa, ina hamu, ina uchu, na ina uroho. Ajabu ni kwamba tunapomwona mtu mnene akinyoosha mkono kwenye sahani, maneno matatu ya kwanza tunayaruka, tukakimbilia la mwisho.

Njaa ni ya tumbo, na chakula chochote huituliza, hata kipande cha muhogo mkavu. Uchu ni kitu kingine. Uchu hautaki chakula, unataka kaimati. Hautaki kushiba, unataka ile harufu ya iliki, ule utamu wa kwanza ulimini, na pengine unamtaka mama aliyekuwa akizikaanga. Siku moja dada aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mdogo wangu, walinikata tumbo, pua hawakunikata."

Miaka ya mwanzo alikuwa na mlinzi. Aliyefanyiwa upasuaji kama wake akila sukari nyingi, sukari hiyo huteremka upesi mno kwenye utumbo, naye hushikwa na jasho, mapigo ya moyo na unyonge, kama yale niliyoyaona siku ya Idi. Adhabu hiyo humfundisha mtu adabu. Lakini kwa wengi mlinzi huyo huanza kusinzia baada ya miaka. Kitu kitamu hupita bila kishindo, na hapo uchu hupata mlango wazi.

Isitoshe, kuna mtego mwingine. Sukari inayoingia kwa haraka huweza kufuatwa, baada ya saa 1 hadi 3, na kushuka kwa sukari ya damu kupita kiasi. Mtu huhisi kizunguzungu na kutetemeka, na mwili hudai kitu kitamu mara moja. Akila, duara huanza upya. Basi yule unayemwona akirudia kashata mara ya tatu yamkini hajawa mroho. Amenaswa na kashata ya kwanza, ambayo huenda ulimpa wewe.

Tena wajue wenye kupanga kupasuliwa kwamba tumbo dogo halizuii kila kitu. Pande la nyama litamkwama aliyepasuliwa asipolitafuna vyema, lakini soda, faluda, aiskrimu, chai ya maziwa yenye sukari, halua na kachri za muhogo huteleza bila kizuizi. Hatari ya miaka ya baadaye aghalabu si karamu kubwa. Ni kule kudonoa: kidogo asubuhi, kidogo saa 5, kidogo anapopika, kidogo kinachobaki sahanini mwa mtoto. Jioni hujumlika kuwa sinia.

MILA YETU NA MKONO WETU

Sasa nifike kwenye hoja yangu hasa. Nasema hivi: mtu wa pwani aliyepasuliwa tumbo hashindani na uchu wake peke yake. Hushindana na sisi.

Sisi ni watu wa kulisha. Ukarimu ndio fahari yetu, na sitaki uondoke. Arusi ni pilau, hitima ni pilau, maulidi ni pilau na biriani. Mgeni akisema "nimeshiba," kwetu hilo si jibu, ni mwanzo wa mazungumzo. Tunamwapiza. Tunamwambia "onja tu, ridhaa yangu." Akikataa, tunanuna na kusema anajivuna. Halafu akikonda tunamwuliza kwa sauti ya msiba: "Kwani waumwa?" Na akinenepa tunasema "mashallah, umenawiri," kisha akigeuka kisogo tunasema mengine.

Mwezi wa Ramadhani ndio mtihani mkubwa. Mchana mtu hujizuia kwa ibada, na hilo wengi wao waliweza hata kabla ya kupasuliwa. Shida ni magharibi. Tende, uji, sambusa, bhajia, viazi vya karai, kaimati zilizoviringishwa kwenye shira, muhogo wa nazi, sharbati, vyote mbele ya tumbo lenye ukubwa wa yai. Akila kama sisi, ataugua. Akila kidogo, ataulizwa. Na kila nyumba ya jirani huleta sahani yake, nayo hairudi tupu.

Mwaka ule wa kwanza madaktari walimwambia dada asifunge, kwa kuwa tumbo dogo halikuweza kupokea maji na chakula cha kutosha baina ya magharibi na alfajiri. Madaktari wengi hushauri mtu angoje mpaka uzito utulie, yaani mwaka mmoja au na nusu, kisha aulize kwanza. Sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa, naye aliyalipa masiku yake baadaye. Lakini maneno aliyoyasikia mtaani kwamba "anakula mchana" yalimkata kuliko kile kisu. Akawa hatoki nje. Na mtu aliyejifungia ndani, ndugu msomaji, rafiki yake ni nani kama si kabati la chakula?

Hapa ndipo aibu inapofanya kazi yake mbaya. Kilo 3 za kwanza ziliporudi, dada aliacha kwenda kwa daktari kwa kuona haya. Zilipofika 6, akaacha kupanda mizani. Zilipofika 10, nikamwambia yale niliyomwambia. Lau asingeona haya, zile 3 zingezungumzwa zingali 3.

WATAKAOPINGA

Najua wapo watakaosema: "Mdomo ni wake, ajizuie mwenyewe. Sisi hatukumshika mkono." Ni kweli kwamba mtu ana jukumu la nafsi yake, na dada yangu halikatai. Lakini kama twakubali kwamba mwenye kisukari hapewi chai ya sukari kwa nguvu, kwa nini huyu tumwapize? Kwa kuwa maradhi yake yanaonekana mwilini ndiyo yageuke kuwa mzaha?

Watasema wengine: "Wataka tuache mila za wazee." Sivyo. Wazee wetu hao hao ndio waliotufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu, fungu la chakula, fungu la maji na fungu la pumzi, kama tulivyofunzwa katika dini. Hakuna mzee aliyetufundisha kumlazimisha mgeni. Heshima ni kukaribisha. Kukaribisha mara ya kwanza ni ukarimu, mara ya pili ni mapenzi, mara ya tatu ni kumnyang'anya mtu hiari yake.

Na wapo watakaosema: "Basi upasuaji huo una faida gani, ikiwa uchu haufi?" Faida anayo. Kisukari chake hakijarudi. Anasujudu chini. Anapanda ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale bila kupumzika katikati. Upasuaji ulimpa silaha, haukumpa ushindi. Mwenye silaha asiyeitunza huota kutu, na aliyezungukwa na watu wanaoivuta mikononi mwake atapigana vipi?

LILILOBADILIKA

Baada ya Idi ile dada hakuja kwangu kwa miezi 3. Mke wangu ndiye aliyenifumbua macho. Akaenda kwake, akaketi, akamwuliza: "Wifi, nikufanyie vipi?" Swali jepesi, ambalo mimi nduguye wa tumbo moja sikuwahi kuliuliza kwa miaka 6.

Jibu lake halikuwa na gharama. Alitaka sahani yake ndogo, apakue mwenyewe. Alitaka aanze kwa vyakula vya kujenga mwili, samaki wa kuchoma, kuku, mayai, pojo au maharagwe, kisha mboga, na wali uje mwisho kama nafasi ingalipo. Alitaka asipewe maji wala sharbati wakati wa kula, ila nusu saa baadaye. Alitaka vitamu visiwekwe mbele yake mchana kutwa, bali viletwe vikiwa tayari kuliwa na viondolewe. Na alitaka mtu asitaje mwili wake, kwa sifa wala kwa lawama.

Juu ya uchu wenyewe alituambia ana mbinu yake. Unapomjia haupigi vita. Huuambia "ngoja dakika 15," huku akitawadha, au akitoka nje kwa miguu, au akipiga simu. Mara nyingi huo huondoka kama mgeni aliyekosa kufunguliwa mlango. Usipoondoka, hula kile anachokitaka kwa kiasi, akiwa ameketi, mbele ya watu, baada ya chakula, si kwa kificho jikoni. Anasema kilichomwangusha si kaimati moja. Kilichomwangusha ni kuila kwa siri, kisha kujihukumu, kisha kusema "maadamu nimeharibu, acha niharibu."

Amerudi pia kwa daktari. Huko aliona kwamba hata dawa zake za vitamini alikuwa ameziacha, ilhali mtu wa upasuaji huu huhitaji vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D maisha yake yote, na damu yake ipimwe kila mwaka, la sivyo hupungukiwa na damu, mifupa ikadhoofika na mishipa ya fahamu ikaharibika. Daktari hakumgombeza. Alimwambia kuongezeka kidogo baada ya miaka ni jambo la kawaida, kwamba kuna msaada, na kwamba siku hizi zipo hata sindano za kila wiki, kama semaglutidi, ambazo baadhi ya wagonjwa hupewa uchu unapowazidi nguvu. Dada hakuzihitaji. Alichohitaji kilikuwa kusikia kwamba hakushindwa.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza kwa wanaofikiria kupasuliwa, wawe wanakwenda Nairobi au ng'ambo: usiulize tu bei ya kisu. Uliza nani atakufuata mwaka wa pili, wa tano na wa kumi. Ukirudi kutoka nchi ya mbali, rudi na karatasi zenye kueleza ulivyofanyiwa, utafute daktari wa hapa kabla jeraha halijakauka. Na watu wa nyumbani kwako uketi nao kabla ya safari, kwani ndio utakaokula nao miaka yote iliyobaki.

La pili ni kwetu tuliobaki na sinia. Tusimpime ndugu yetu kwa kilo 10 zilizorudi tukasahau 36 zilizokwenda. Tukaribishe, kisha tunyamaze. Sahani ikirudi na chakula, tusiione kuwa ni tusi.

Idi iliyopita dada alikuja. Mke wangu aliweka sahani ndogo pembeni, wala hakuna aliyeisemea neno. Dada akala samaki wake, akacheka na watoto, akanywa kahawa tungu baadaye. Halua ilipoletwa alichukua kipande kimoja kidogo kuliko kidole gumba, akakila polepole kwa raha zake. Mimi nilikuwa na neno ulimini, kwa mazoea. Nikalimeza, nikaona nalo lina shibe yake.